Tonge Alilolikataa

"Leo Jumatano, Zenebu! Jumatano, siku ya kufunga! Harufu ya siagi inatoka kwako mpaka inanikuta kitandani kwa mgonjwa wangu, na jua hata halijafika dirishani. Hiyo ni nyumba ya Wakristo hiyo?"

"Abonesh, punguza sauti. Mtoto anakula."

"Ndicho ninachosema! Anakula! Sisi tumefunga mpaka misa ya mchana iishe, yeye anakula mayai!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwiko mkononi, nimeuziba mlango kwa mwili wangu, na mwili Mungu amenijalia. Nyuma yangu, mezani, Fikirte alikuwa ameacha kutafuna. Sikuhitaji kugeuka kujua. Kijiko kilikuwa kimenyamaza.

"Ana ruhusa ya baba yake wa toba," nikasema. "Padri mwenyewe kamkataza kufunga mpaka apone. Nenda kanisani ukamgombeze yeye."

"Apone nini? Homa iko wapi? Kidonda kiko wapi? Mimi namwona kila asubuhi yuko uani, viatu kavua, anaota jua kama kobe. Akitoka hapo anazunguka jengo taratibu kama mtu aliyepoteza sindano. Mchana analala. Akiamka anakunywa kahawa duru zote tatu na wanawake wasio na kazi."

"Wanawake wasio na kazi ni mimi?"

"Umejitaja mwenyewe."

Ghorofa nzima ya tatu ilikuwa imefungua milango. Siku nyingine ningefurahi, kwani ugomvi mzuri hunitoa uchovu wa wiki. Lakini huyu Abonesh si jirani tu wa mlango unaotazamana na wangu. Ni mama yake Melaku. Na Jumapili ile wazee wa heshima walikuwa wapande ngazi zetu kuja kumwombea Melaku mke, na mke mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa nyuma yangu na yai linapoa mdomoni.

"Sasa nisikilize," akasema Abonesh, na kidole alichoninyooshea kilikuwa cha mkono wa kushoto, jambo ambalo si lake. Wa kulia aliuficha ndani ya netela, lile shuka jeupe la kujitanda. "Nataka kusikia kwamba Jumatatu anarudi kazini. Nikisikia, wazee watakuja Jumapili. Nisiposikia, watalala makwao. Simwozeshi mwanangu mgonjwa asiye na ugonjwa. Mgonjwa mmoja ninaye, ananitosha."

Akaingia kwake. Mlango haukuubamiza. Mumewe amepooza upande mmoja wa mwili tangu damu ilipompanda kichwani, na pale kwao hakuna kinachobamizwa.

Nikageuka. Fikirte alikuwa akiitazama sahani.

"Kula, mwanangu."

"Imeshindikana, Etiye."

"Basi kunywa chai. Lakini hapo mezani huondoki mpaka kitu kimeingia tumboni. Daktari alisema."

Fikirte amepanga chumba kwangu tangu alipotoka Dessie kuja kutafuta maisha, na mimi, Etiye wake kama tunavyowaita wanawake waliotuzidi umri, ndiye mama mdogo aliye naye hapa Addis. Kazi yake ilikuwa kituo cha simu. Kutwa nzima kifaa kiko sikioni, watu wanamtukana kwa makosa ya mitambo, naye anawajibu kwa sauti ya asali. Wenzake walipoacha kazi, zamu zao akabebeshwa yeye. Alikuwa anarudi usiku, anakula amesimama, analala na simu kifuani. Nikaanza kuona mambo. Nikimgongea chumbani, ananijibu, "Habari, nikusaidie nini?" Tukacheka. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nikawasimulia na majirani.

Kisha ikafika Mwaka Mpya. Abonesh alimwalika mkwe wake mtarajiwa, akapika kuku wa viungo siku mbili. Mbele ya ukoo mzima akamega injera, mkate wetu mwembamba, akachovya, akafinyanga tonge zuri, akalipeleka kwa mkono wake mwenyewe mdomoni kwa msichana. Kwetu tonge la namna hiyo si chakula, ni kukubaliwa. Fikirte akalitazama. Mdomo haukufunguka. Akageuza uso na kusema, kwa ile sauti ya asali, "Asante kwa kusubiri." Halafu machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na hayakukatika mpaka kesho yake.

Daktari alisema hakuna kiungo kilichoharibika. Alisema mtu huyu amejitumia mpaka akaisha. Dawa yake alale, ale kwa wakati, aote jua la asubuhi, atembee, asiwe peke yake, na simu ikae mbali naye. La simu nikalitengenezea dawa yangu: inalala kwenye pipa la unga wa tefi, chini kabisa. Anayetaka kuipigia aupigie unga.

Na alikuwa anapona. Wiki hiyo nilikuwa nimemsikia akiimba bafuni. Ndiyo maana maneno ya Abonesh yalinichoma hivyo.

*

Melaku alifika mchana, ametoka kazini. Ni fundi wa lifti, na jengo letu halina lifti, kwa hiyo kila siku anashuka kutoka ghorofa za wenye nazo anakuja kupanda ngazi zetu kwa miguu. Alikuja na shayiri ya kukaanga kwenye karatasi, mafuta ya mashine kwenye kucha, na macho yale. Jamani, macho ya kijana yule! Akimtazama Fikirte unaona haya wewe usiyetazamwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu nakaanga kahawa. Adabu ilinitaka niwaachie chumba. Lakini buni ikiwa kwenye kikaango haiachwi, kila mtu anajua hilo.

"Umeamkaje?" akauliza, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Vizuri. Nimelala, Melaku. Nimelala mpaka nikaota ndoto. Nilikuwa nimesahau kuota."

"Uliota nini?"

"Naona haya kusema. Etiye yupo."

"Etiye hayupo," nikasema.

Akacheka, yule msichana, akaziba mdomo. Yeye Melaku hakucheka. Alitabasamu upande mmoja, akaangalia chini.

"Mbona huniangalii?"

"Nakuangalia."

"Unaangalia viatu vyako."

Akavuta pumzi. "Fikir, nina habari nzuri. Jumatatu wanakungoja."

"Nani wananingoja?"

"Kazini. Jana msimamizi wako alinipigia mimi, anasema wewe hupatikani. Anasema nafasi yako ataishikilia mpaka Jumatatu, zaidi ya hapo hawezi. Nikamwambia..." Akasugua kucha zake. "Nikamwambia umepona. Jumatatu utakuwepo."

Buni zilianza kupasuka kwenye kikaango, pa, pa, pa. Nilisahau kuzikoroga.

"Ulimwambia," akasema Fikirte.

"Ni mpaka harusi tu. Mama akikuona asubuhi umevaa kitambulisho shingoni, unashuka ngazi, atanyamaza. Nimemjua miaka yote, anataka tu kuona. Baada ya hapo ukitaka kuacha, acha. Mimi nitafanya kazi kwa ajili ya wote wawili."

"Umenijibia, Melaku."

"Nimekutetea!"

"Umenijibia. Kule kazini tulifundishwa hivyo. Mteja akianza kulalamika, mjibu kabla hajamaliza, mwambie tatizo limeshughulikiwa, kisha mkatie. Umenifanya mteja."

"Si haki hiyo. Unajua ninavyoishi kati ya milango hii miwili? Huku nasikia wewe, kule nasikia mama. Jumapili ni siku nne tu kutoka leo, Fikir! Baba yako mdogo ameshakata tiketi ya basi. Wazee wamefua mashuka yao. Nitawaambia nini?"

Fikirte aliinuka. Hakupaza sauti. Mikono aliificha kwapani.

"Siku ile kabla ya Mwaka Mpya nilikupigia simu. Nilikuwa nimejifungia choo cha kazini. Unakumbuka?"

"Nilikuwa kwenye shimo la lifti, nimening'inia kwa mkanda."

"Sijakuuliza ulikuwa wapi. Nilikwambia siwezi tena, siwezi hata kushika kitasa cha mlango nitoke. Wewe ulisema nini?"

Melaku akaanza kukunja ncha ya kikaratasi cha shayiri.

"Ulisema nini?"

"Nilisema *berchi*."

Sisi tuna maneno mawili ya kumpa mwanamke aliyelemewa. Moja ni *berchi*, yaani kaza, jikaze, endelea. La pili ni *ayzosh*, yaani usiogope, nipo hapa. Yote mawili yanasemwa kwa mapenzi, na mtu mwenye haraka huchukua lililo karibu na ulimi.

"Msimamizi alisema *berchi*," akasema Fikirte. "Mama kwa simu kutoka Dessie alisema *berchi*. Mama yako kila akinipita ngazini, *berchi*. Nikasema, nimpigie mmoja tu, huyo atasema lile lingine. Nikapiga. Nikajikaza, Melaku. Nikatoka chooni nikavaa kile kifaa nikajibu simu mpaka jioni, kwa sababu wewe ulisema."

Alikuwa amepauka yule kijana. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Fikir wangu, nisikilize. Ni wiki chache tu. *Berchi*, mpen..."

Likamtoka. Nililiona likitoka, na yeye aliliona, akafunga mdomo akiwa amechelewa.

Fikirte akamtazama muda mrefu. Ni ule mtazamo wa mtu anayekariri sura kwa sababu hana hakika kama ataiona tena.

"Waambie wazee wasije."

Akaingia chumbani kwake. Mlango aliufunga taratibu, kitasa kikasema *tk*. Heri angeubamiza.

*

Moshi ulikuwa umejaa sebuleni. Kahawa yangu ilikuwa makaa. Melaku alikaa na kile kikaratasi cha shayiri mapajani kama mtu aliyekuja kuuza.

"Etiye, sema kitu."

"Niseme nini? Mimi sipo."

"Etiye Zenebu, tafadhali. Yule mama yangu. Huyu ndiye... huyu ndiye... Nitafanya nini?"

Nilimwaga zile buni nyeusi, nikasugua kikaango kwanza. Hasira zilikuwa zimenijaa na sikutaka zimwagikie mtoto wa watu.

"Nikuulize la kazi yako," nikasema. "Mwenzako akitumbukia kwenye hilo shimo la lifti, unasimama juu unamwambia nini? Kaza?"

"Hapana. Nashuka."

"Unashuka."

"Nafunga mkanda, nashuka hadi alipo."

"Haya. Mimi nakaanga kahawa nyingine."

Alikaa kidogo. Kisha akainuka, akaweka shayiri mezani, akatoka kwenye varanda na simu yake. Nikamfuata hadi mlangoni. Msiniulize kwa nini.

"Haloo? Ndiyo, ni mimi wa jana," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike hadi ghorofa ya nne. "Nilikudanganya. Hajapona. Hapana, Jumatatu haji. Siwezi kukwambia lini, si langu kusema na jana pia halikuwa langu. Akitaka kuongea na wewe atakutafuta mwenyewe. Ndiyo. Nimeelewa. Kwaheri."

Mlango wa pili ukafunguka kabla hajashusha simu sikioni.

"Umefanya nini?" Abonesh alikuwa na kitambaa kichwani na mkono ule ule ndani ya netela. "Melaku, umefanya nini?"

"Nimesema kweli."

"Basi na mimi naisema ya kwangu. Hakuna wazee. Wazee wa nyumba hii hawatoki bila neno langu."

"Najua, mama. Nimekuja kuliomba neno lako. Lakini kwanza nionyeshe mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Mama, nionyeshe mkono."

Akarudi nyuma hatua moja. Melaku akashika ncha ya netela, polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala, akaivuta. Nilishika mdomo. Kiganja chote kilikuwa kimefungwa kitambaa, na pembeni ya kitambaa ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa malengelenge.

"Alfajiri ulikuwa unaoka injera ulizoagizwa na watu wenye harusi yao," akasema Melaku. "Ukasinzia umesimama, ukaegemea bamba la moto. Nilikusikia ukipiga yowe ukalimeza baba asiamke. Nikaja jikoni, ukaniambia umedondosha sufuria."

"Ni moto tu. Moto ndio kazi yangu."

"Tangu baba aanguke, umelala usiku mzima lini?"

"Nikilala nani atamgeuza? Nani ataoka? Nikikaa mimi, hii nyumba itashikwa na nani?" Sauti yake ilianza kupanda kama ilivyokuwa asubuhi, kisha katikati ikapasuka. Akaugeukia mlango wangu, akawa anasema na mimi, na safari hii sikuwa na mwiko. "Mimi mbona sikuanguka, Zenebu? Eh? Mimi mbona hakuna padri aliyeniambia nile? Namwona huyo mtoto pale uani, amefumba macho, jua linampiga usoni, na mimi nimesimama dirishani na beseni la maji machafu. Namchukia. Namchukia mpaka naogopa kwenda kuungama."

Mlango wa chumba cha Fikirte ukalia *tk*.

Nilitaka kumzuia. Sikujua ametoka na nini, na msichana aliyetukanwa tangu asubuhi ana haki ya lolote. Alipofika kizingitini Melaku akamwangalia, safari hii machoni, akasema neno moja tu, chinichini.

"*Ayzosh*."

"Umechelewa," akasema Fikirte.

"Najua."

"Lakini nimesikia."

Alimpita. Aliligusa bega lake kwa bega, na mimi ninayejua mambo haya nawaambia halikuwa bahati mbaya. Akasimama mbele ya Abonesh. Mwanamke yule alikuwa akihangaika kuirudisha netela kwa mkono mmoja wa kushoto, nayo inateleza.

Huko chini barabarani watu waliovaa meupe walikuwa wanatoka kanisani. Misa ya mchana ilikuwa imekwisha.

"Etiye Abonesh, watu wanafungua. Umekula?"

"Nitakula."

"Kwa mkono upi?"

Abonesh akautazama ule uliofungwa kitambaa. Kwetu mkono wa kushoto hauendi kwenye chakula, hata uwe peke yako jikoni na njaa ya siku nzima.

"Lile tonge la Mwaka Mpya," akasema Fikirte, "sikulikataa kwa dharau. Nilikuwa nalitaka. Niliona mikono yako ilivyolifinyanga. Taya ndilo lililokuwa limekufa. Kila usiku nalala nalifikiria."

"Uliniambia, 'Asante kwa kusubiri.'"

"Nilisema hivyo."

"Mbele ya ukoo wangu."

"Ndiyo, Etiye."

Abonesh akafuta pua kwa ncha ya netela. Midomo yake ilifanya kitu ambacho sikukielewa mpaka niliposikia maneno.

"Basi nimesubiri vya kutosha."

Sikujua kama nicheke. Fikirte alichukua ile netela inayoteleza, akaizungusha mabegani mwa mama yule, akaifunga vizuri isiguse kiganja. Akasema lile lile neno, ila kwa namna ya kumwambia mkubwa.

"*Ayzot*."

Mabega yakashuka. Nimeishi mkabala na mabega hayo miaka yote, sikuwahi kujua kwamba yanaweza kushuka.

"Melaku," Fikirte akasema bila kugeuka, "baba yako anageuzwa upande gani saa hizi?"

"Wa dirishani. Naenda." Akawa ameshaingia.

"Mito miwili mgongoni," Abonesh akaita nyuma yake, "si mmoja! Na maji..."

"Anajua, Etiye. Njoo. Shiro iko motoni, haina hata tone la siagi, Etiye Zenebu ameipika kwa ajili ya waliofunga."

Hilo lilikuwa jipya kwangu. Nilikimbia kuinjika hiyo shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu.

Kutoka jikoni niliwasikia wamesimama pale pale kizingitini, mmoja ndani, mmoja nje.

"Nikila kwenu leo," akasema Abonesh kwa sauti ya kuchoka, sauti yake ya kweli, "nikala mkononi mwako mbele ya ghorofa nzima, Jumapili nitawaambia nini wazee?"

"Waambie waje na njaa," akasema Fikirte. "Vua viatu, Etiye. Hapa tunakula tumekaa. Ingia, nikulishe."